Anzia kwenye bendera, mpira utafuata

Swali:

Shikamoo kocha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi, upande wa Pasua. Tuna watoto 28, wavulana kwa wasichana, wa miaka 9 hadi 12, wanaojifunza futiboli ya bendera, ile ya Kimarekani ambayo mwenye mpira anazuiwa kwa kuvutwa bendera ya kiunoni badala ya kuangushwa, mara mbili kwa wiki baada ya vipindi. Tuna mipira 3 na mikanda ya bendera 12. Mazoezi nayatoa kwenye video za Marekani: watoto wanapanga foleni, mmoja anakimbia, ninamrushia, anadaka au anakosa, anarudi nyuma ya foleni. Nusu saa haiishi wameshaanza kusukumana. Tulipojaribu kucheza sisi kwa sisi, hakuna aliyeweza kuvuta bendera. Wakaishia kushikana fulana na kuangushana. Mwisho wa muhula shule moja ya Arusha imetualika. Nifanye mazoezi gani, na nianzie wapi?

Jibu:

Marahaba mwalimu, na pole kwa kazi. Watoto wako hawana tatizo la nidhamu. Wamechoka kusubiri. Hebu tupige hesabu pamoja: ukirusha mpira kila baada ya sekunde 15, katika nusu saa umerusha mara 120. Gawa kwa watoto 28, kila mmoja ameupata mpira mara 4, na muda wote uliobaki amesimama akitazama kisogo cha mwenzake. Hakuna mtoto wa miaka 10 anayejifunza kudaka kwa majaribio 4 jioni nzima. Kwa hiyo kabla ya kuchagua zoezi lolote, liwe la kwenye video au la kwangu, jiulize: katika dakika moja, mtoto mmoja atalifanya tendo lenyewe mara ngapi? Zoezi likihitaji foleni ya zaidi ya watoto 3 au 4, ligawe sehemu nyingi. Lisipogawanyika, liache.

Hilo ni la kwanza. La pili, ambalo kwangu ni kubwa zaidi, ni kwamba umeanza na mpira wakati mchezo huu unaamuliwa na bendera. Fikiria jinsi unavyokwenda. Timu ni watu 5 kwa 5. Wenye mpira wana majaribio 4 ya kuvuka nusu ya uwanja, wakivuka wanapata mengine 4 ya kufunga. Mpira ukianguka chini, jaribio limekwisha. Lakini mpira ukidakwa, kitu kinachomzuia mdakaji asiende hadi eneo la bao ni mtu mmoja kumvuta bendera kiunoni. Timu isiyojua kuvuta inafungwa kwa kila mpira uliodakwa, hata pasi ya hatua tatu. Na watoto wasiojua kuvuta hufanya walichofanya wa kwako: wanashika fulana, wanasukuma, mtu anaanguka, mzazi anapiga simu. Wiki mbili za mwanzo, robo tatu ya muda wako uende kwenye kuvuta na kukwepa. Mipira 3 uliyonayo itatosha kabisa kwa robo inayobaki.

Tuanze na vifaa, maana mikanda 12 kwa watoto 28 ndiyo inayokulazimisha kupanga foleni. Nenda Soko la Memorial, tafuta mashuka au vitambaa vya mtumba vya rangi kali, njano au nyekundu, isiyofanana na bukta za watoto. Kata vipande vya upana wa sentimita 5 na urefu wa 40 hivi. Kila mtoto anachomeka viwili kwenye lastiki ya bukta yake, kimoja kila upande wa nyonga, kitambaa chote kining'inie nje isipokuwa ncha tu. Bukta ikiwa imelegea, mfunge mkanda wa lastiki kwa juu na ubane vitambaa kwa vibanio vya nguo. Usifunge fundo hata mara moja. Bendera iliyofungwa haitoki, na mtoto anayekimbia anavutwa mwili mzima. Fulana ziingizwe ndani ya bukta, na mifuko ya bukta ishonwe au igeuzwe ndani, kwa sababu kidole kinachotafuta bendera kikiingia mfukoni kinaweza kuvunjika.

Zoezi la kwanza ni la kukimbizana, na watoto hawahitaji kufundishwa kukimbizana. Chora maboksi mawili kwa majivu au chokaa, kila moja mita 15 kwa 15, watoto 14 kila boksi. Ukipuliza filimbi, kila mtu anavuta bendera za wengine huku akilinda zake kwa miguu. Sekunde 45, filimbi, kila mmoja anataja amevuta ngapi, zinarudishwa kwa wenyewe, mnapumzika nusu dakika, mnaanza tena. Raundi 5 au 6 zinatosha. Usimtoe nje aliyevuliwa bendera zote mbili, aendelee kuvuta. Ukiwatoa, wanaoondoka mapema ni wale wazito na wanyonge, yaani wale wale wanaohitaji zoezi kuliko wote, na utakuwa umerudisha foleni kwa mlango wa nyuma. Sheria ni mbili: mkono hauruhusiwi kufunika bendera, wala kumgusa mtu mwilini. Kufunika bendera kwa mkono au kiwiko ni kosa kwenye mechi, na tabia hii ikishaota ni ngumu kuitoa, kwa hiyo ipulizie filimbi tangu siku ya kwanza.

Zoezi hilo linaamsha mwili na kuwazoesha macho kutafuta kiuno. Ufundi wenyewe unafundishwa kwenye zoezi la pili, na hapa naomba utulie nalo, kwa sababu ndilo litakalobadilisha timu yako.

Chora njia 4, kila moja upana wa mita 5 na urefu wa mita 10. Kila njia watoto 7. Mmoja ana bendera na anataka kufika upande wa pili. Mmoja yuko katikati, anazuia. Siku ya kwanza watembee. Ndiyo, watembee, hata wakilalamika. Mzuiaji anafundishwa mambo manne, na usiyaseme yote kwa siku moja.

Macho yawe kiunoni. Mtoto akitazama uso au mpira atadanganywa, kwa sababu kichwa, mabega na mikono vyote vinaweza kupiga chenga. Kiuno kinakwenda kule mwili unakokwenda. Mwambie atazame ile bendera anayotaka kuivuta, na asiiache mpaka iwe mkononi mwake.

Apunguze hatua. Kosa kubwa la watoto wenye mbio ni kumwendea mtu kwa kasi yote. Anapopiga chenga wao wamekwishampita. Akibakiza mita 2 au 3, hatua ziwe fupi na za haraka, magoti yakunjwe, makalio yashuke. Mtoto aliyesimama wima anainama kwa kiuno, kichwa kinatangulia, na hapo ndipo vichwa vinapogongana. Anayeshuka kwa magoti ana kichwa juu na mikono yake tayari iko kwenye kimo cha bendera.

Achague upande. Asimkabili mtu kifua kwa kifua, kwani hapo amemwachia kulia na kushoto. Asogee nusu hatua upande mmoja, aufunge, mkimbiaji alazimike kupita upande mwingine, ambako mkono unamsubiri. Kwenye uwanja halisi upande wa kufunga ni ule wa ndani, ili mwenye mpira asukumiwe kwenye mstari wa pembeni. Huo mstari hauchoki wala haupigwi chenga.

Avute kuelekea chini kwa mkono wa karibu, mkono wa pili uwe tayari nyuma yake. Mtoto anayeupitisha mkono mwilini kwa mwenzake ndiye anayeshika fulana. Akishavuta, ainyanyue bendera juu na asimame. Kuinyanyua kunamsaidia mwamuzi, na kunamfundisha mtoto kwamba kazi imekwisha, asiendelee kusukuma.

Wakitembea vizuri, wakimbie nusu kasi, halafu kasi kamili. Kisha badilisha wanapoanzia: mzuiaji aanzie pembeni, mita 4 kutoka kwenye njia, ili ajifunze kukata kona. Karibu kila mtoto mwanzoni humkimbilia mtu pale alipo, na anapofika mtu hayupo. Mwoneshe kwa kijiti chini: yeye anakwenda huku, wewe nenda kule atakakokuwa. Baada ya hapo weka wenye bendera 2 dhidi ya wazuiaji 2, mmoja wa wenye bendera akiwa na mpira na ruhusa ya kumkabidhi mwenzake mara moja. Uwe na daftari. Kila wiki mpe kila mtoto majaribio 10 kwenye njia, andika amevuta ngapi. Watoto wanaipenda namba yao wenyewe kuliko pongezi za jumla, na wewe utajua nani wa kumpa muda zaidi.

Panga jozi kwa mbio, usipange kwa umri wala darasa. Mtoto wa miaka 9 mwenye kasi ana faida kubwa akishindana na wa miaka 12 mwenye kasi kama yake, kuliko kushindana na rika lake asiyemfikia. Kwa mtoto mzito, msogeze mita 2 karibu zaidi. Anahitaji kuonja ile hisia ya bendera kutoka mkononi mwake, na akiionja mara chache ataitafuta mwenyewe.

Kuhusu kukwepa, una hazina uwanjani ambayo video za Marekani haziijui. Mtoto aliyekua akicheza rede anajua kukaa katikati ya warushaji wawili, uzito kwenye vidole vya miguu, akahama kulia au kushoto bila kukanyaga miguu yake mwenyewe. Hiyo ndiyo chenga ya mchezo huu. Waambie hivyo kwa maneno hayo hayo: kwepa kama kwenye rede. Unachoongeza ni jambo moja tu: baada ya kukwepa, mguu wa pili uende mbele, usirudi nyuma. Kuruka juu au kujitupa chini ili kukwepa bendera hairuhusiwi kwa kanuni za kimataifa, na kujizungusha mimi nakataza kwa umri huu, kwa sababu mtoto anayezunguka haoni anakoelekea kwa nusu sekunde nzima.

Na usishangae ikiwa wasichana wako watawatangulia wavulana. Wengi wamecheza netiboli, na netiboli inafundisha kudaka kwa vidole, kusimama ghafla na kutoa pasi kwa mtu anayekimbia. Wape nafasi za kudaka na kurusha tangu mwanzo, usiwaweke pembeni kujaza idadi. Mchezo huu utakuwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, wanaume timu 6 na wanawake timu 6. Kwenye Michezo ya Dunia ya 2022, Birmingham, Alabama, wanawake wa Meksiko waliifunga Marekani 39 kwa 6 kwenye fainali, mrushaji wao akiwa Diana Flores. Waoneshe wasichana mechi ile kama una simu yenye bando. Ila wavae bukta au traksuti. Sketi ya shule inaficha bendera na inawanyima raha ya kukimbia.

Sasa mpira. Kwa mipira 3, tengeneza mingine 6 au 7 ya matambara. Watoto wako wanajua kufunga mpira wa nailoni na kamba kuliko mimi na wewe. Waambie safari hii wautengeneze mrefu, wenye ncha mbili. Hautazunguka hewani kama wa dukani, lakini kwa kujifunza kudaka unafaa sana, na haumuumizi mtu vidole. Mpira wa ngozi ukiwa mkubwa kuliko kiganja cha mtoto, atausukuma badala ya kuurusha, kwa hiyo ukipata fedha za kununua, nunua saizi ya watoto.

Kudaka kunagawanyika kwa urefu wa mpira. Ukija juu ya kifua, vidole gumba viwili vigusane, viganja viutazame mpira. Ukija chini ya kiuno, vidole vidogo viwili vigusane. Macho yaufuate mpaka uingie mikononi, halafu ubanwe kwapani kabla mguu haujapiga hatua ya kukimbia. Mipira mingi ya watoto huanguka kwa sababu wameanza kukimbia kabla ya kumaliza kudaka. Waweke wawili wawili, mita 4, warushiane polepole, kila wakidaka 10 bila kuangusha warudi nyuma hatua moja. Kwa mipira 9 au 10 utakuwa na jozi 9 zinazofanya kazi. Waliobaki wako nawe kwenye njia za kuvuta bendera, mnabadilishana kila dakika 6.

Kurusha, anza wakiwa wamepiga goti moja. Anayerusha kwa mkono wa kulia apige goti la kulia, mguu wa kushoto uwe mbele. Vidole vikae kwenye kamba za mpira, kidole cha shahada karibu na ncha, na kiganja kisigandane na mpira, uache uwazi kidogo. Kiwiko kiwe kwenye kimo cha bega au juu yake. Mpira ukitoka, mkono uendelee hadi nyonga ya upande wa pili, gumba likitazama chini. Goti linaondoa mbwembwe za miguu, linauacha mkono peke yake ujifunze. Wakiweza mita 6 au 7 kwa goti, wasimame, wapige hatua kwa mguu wa mbele wakirusha. Usimtafute mrushaji mmoja wa timu sasa. Kila mtoto arushe, angalau hadi katikati ya muhula, kwa sababu leo hujui ni nani.

Njia za kukimbilia pasi, fundisha 3 na uishie hapo: moja kwa moja, hatua 5 halafu kata kwenda nje, hatua 3 halafu kata kwa mshazari kwenda ndani. Za kwenye video ni nyingi na zinapendeza, lakini mtoto mwenye njia 9 kichwani anakimbia akifikiri, na anayefikiri anapunguza mwendo. Siri ya kukata kona ni mguu: unakwenda kulia, unakanyaga kwa nguvu mguu wa kushoto. Chora alama ya mguu huo kwa chokaa, waikanyage. Kwenye uwanja wa vumbi wa Moshi wengi watateleza mara za kwanza. Mwagia maji kidogo dakika 20 kabla, au hamia kwenye nyasi, na wakati wa masika usifanye kona kali kabisa, fanya kudaka na kurusha. Wote wawe peku au wote wawe na raba. Kuchanganya ndiko kunakoleta vidole vilivyokanyagwa.

Zoezi likishaeleweka, liingize kwenye mchezo mdogo siku hiyo hiyo. Watoto 3 kwa 3, uwanja wa mita 15 kwa 20, mmoja anarusha, wawili wanakimbia. Hesabu kwa sauti hadi 7. Mrushaji asipoachia, jaribio limekwisha. Kila mzuiaji ana mtu wake wa kumfuata, na anayebaki anamtazama tu mrushaji bila kumvamia. Ulinzi wa kugawana maeneo uache kwa sasa, unawafanya wasimame wakisubiri mpira uwafikie. Viwanja 4 vidogo vinabeba watoto 24. 4 waliobaki wawe waamuzi na wahesabu pointi, zamu zikipokezana. Mtoto aliyewahi kupuliza kosa la kufunika bendera halirudii kirahisi.

Saa moja yako, basi, iende hivi kwa makadirio: dakika 10 za kukimbizana kwenye maboksi, 20 za njia za kuvuta na jozi za kudaka kwa zamu, 5 za maji, na zote zinazobaki mchezo mdogo. Muda ukiwa mfupi, kata mazoezi, mchezo uache. Januari na Februari jua la Moshi bado ni kali saa tisa alasiri, kwa hiyo anza saa kumi jioni, na kila mtoto aje na chupa yake. Siku moja sahihisha jambo moja. Ukipiga kelele za macho, magoti, mkono na upande kwa pamoja, hawasikii hata moja.

Kwa mechi ya Arusha, wiki mbili kabla, hamia watoto 5 kwa 5. Uwanja kamili ni yadi 70 kwa 25, takriban mita 64 kwa 23 pamoja na maeneo ya bao, kwa hiyo unaweza kuulaza kukatiza upana wa uwanja wa mpira wa miguu. Hapo ongeza mambo mawili ambayo hatukuyagusa. La kwanza ni senta, yule anayeanzisha kila jaribio, kumpa mrushaji mpira: majaribio mengi ya watoto hufia hapo, mpira unapita juu ya kichwa au unaanguka. Wafanye mara 20 kila siku kabla ya kitu kingine chochote. La pili ni mzuiaji anayemvamia mrushaji. Anaanzia yadi 7 kutoka kwenye mstari ambapo jaribio linaanzia, takriban mita 6 na nusu. Mrushaji wako lazima aonje hali hiyo nyumbani kwanza, la sivyo ataachia mpira ovyo siku ya mechi.

Na mpigie simu mwalimu wa shule hiyo sasa hivi, usisubiri mkutane uwanjani. Muulize wanacheza wangapi, uwanja una urefu gani, mpira ni wa saizi gani, mzuiaji anaruhusiwa kuvamia au la, na bendera zao ni za kuchomoa kwa namna gani, kwa sababu zile za kwenye mikanda ya dukani zinahitaji nguvu zaidi kidogo kuliko kitambaa cha kuchomeka. Kama ni hizo, tumia mikanda yako 12 kwenye wiki hizo mbili za mwisho, 10 wakicheza na 2 akiba. Arusha iko juu kuliko Moshi kwa takriban mita 500, na kwa watoto wanaopokezana zamu hilo halina uzito, ila kama mechi ni asubuhi ya Juni au Julai watakuta baridi wasiyoizoea: wabaki na masweta hadi wapashe miili joto, na zoezi la kukimbizana kwenye boksi ndilo litakalowapasha haraka kuliko yote. Wapeleke wengi uwezavyo, panga vikosi vya watoto 5, na kila kikosi kicheze majaribio 4 kisha kipokewe, ili asiwepo aliyepanda gari hadi Arusha akarudi bila kuvuta bendera hata moja.